Protekta ya Kioo, Protekta ya Plastiki na Mchanga wa Riyadh

Protekta ya simu ni ganda jembamba la kioo au la plastiki linalobandikwa juu ya skrini ili lipokee mikwaruzo na mapigo kabla hayajaifikia. Mjini Riyadh huuzwa katika soko la simu la Mursalat, katika maduka ya Olaya na katika vibanda vya Batha, mtaa wanakokutana wafanyakazi wa kigeni siku za mapumziko. Mjini Jeddah hupatikana kwa wingi katika Barabara ya Falasteen na katika vichochoro vya Al-Balad, mji wa kale. Maduka makubwa kama Jarir na eXtra nayo huziuza, na tovuti za Noon na Amazon zimejaa picha zake. Bei huanzia riyali chache hadi kupita 100. Tofauti hiyo ya bei haionekani kwa macho: protekta ya riyali 10 na ile ya riyali 120 zote zinang'aa, zote ziko ndani ya kasha. Mnunuzi hubaki na maneno yaliyoandikwa juu ya kasha na mkono wa muuzaji unaomwonyesha jaribio.

Maneno yenyewe ni ya Kiarabu na Kiingereza, lakini msomaji wa Kiswahili huwakuta humo jamaa wa lugha yake. Kibandiko huitwa cha himaya, huuzwa kwa dhamana, na husifiwa kuwa ni asli. Kuyaelewa maneno hayo kwa sauti ni rahisi. Kujua yanaahidi nini hasa ni kazi nyingine, na inafaa ifanywe, kwa sababu katika miji hii simu imebeba maisha ya mtu. Ndani yake mna Absher na Tawakkalna zinazobeba stakabadhi za mkaazi, mna kibali cha Nusuk anachokihitaji mwenye kufanya umra, mna programu ya kutuma fedha Mombasa, Kampala au Tanga. Kwa dada wa kazi anayeishi nyumbani kwa mwajiri, skrini ikizimika, na sauti ya nyumbani imekatika. Tena katika simu nyingi za sasa kioo cha juu kimegandishwa na paneli inayotoa picha, kiasi kwamba kikipasuka kioo peke yake fundi hulazimika kubadilisha vyote viwili.

Vibandiko vya plastiki ndivyo vilivyotangulia. Vifaa vya mkononi vya miaka ya 1990, kama vile vya kampuni ya Palm, vilikuwa na skrini laini ya plastiki iliyoguswa kwa kijiti, na kijiti hicho kiliichora skrini kadiri kilivyotumika. Ganda la plastiki juu ya plastiki lilikuwa na maana: lilichakaa, likabanduliwa, likawekwa jingine. Hata iPhone ya kwanza ilipoonyeshwa Januari 2007 ilikuwa na uso wa plastiki. Mwezi wa Juni mwaka huohuo, siku chache kabla haijaingia sokoni, Apple ilitangaza kwamba uso huo umebadilishwa kuwa wa kioo, na kioo hicho kilitoka kampuni ya Corning ya Marekani. Tangu hapo simu za gharama, na baadaye karibu simu zote, zikawa na uso mgumu kuliko vibandiko vilivyokusudiwa kuulinda. Biashara ilipaswa kujieleza upya, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 protekta za kioo zikaanza kuenea.

Kioo cha simu na kile cha protekta nzuri huimarishwa kwa njia moja. Bamba hutumbukizwa ndani ya chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi. Humo chembe ndogo za sodiamu zilizo karibu na uso wa kioo hutoka, na nafasi zao huchukuliwa na chembe za potasiamu ambazo ni kubwa zaidi. Ni kama abiria wembamba walioshuka kwenye daladala iliyojaa, na viti vyao vikakaliwa na wanene: kila mmoja anambana mwenzake. Uso wa kioo huwa umebanwa hivyo daima, na ufa, ambao hauwezi kukua bila kuvutwa pande mbili, hushindwa kufunguka.

Kasha nyingi hutaja kioo kilichoimarishwa kwa neno lilelile linalotumika kwa vioo vya madirisha ya pembeni ya gari. Vioo vya gari hupashwa moto kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Njia hiyo huhitaji kioo chenye unene wa milimita kadhaa, ilhali protekta ya kawaida ina unene wa milimita 0.33, na nyingine ni nyembamba zaidi. Protekta huimarika kwa chumvi, si kwa upepo. Ndiyo maana ikivunjika haimomonyoki kuwa punje butu kama dirisha la gari. Hupasuka kwa nyufa ndefu zenye makali, na vipande vyake hushikwa visitawanyike na utando wa plastiki na gundi ulio chini yake. Aina ya kioo na muda kilioachwa ndani ya chumvi ndivyo vinavyotenganisha protekta imara na dhaifu, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo kasha kwa kawaida halivitaji.

Upande wa plastiki una jamii mbili kubwa. Ya kwanza ni PET, plastiki ileile ya chupa za maji, ngumu kiasi, nyembamba na ya bei ndogo. Ya pili ni TPU, plastiki yenye mnyumbuko kama mpira, ambayo sokoni huitwa haidrojeli. Jina hilo humfanya mtu afikirie utomvu wenye maji, lakini kinachobandikwa ni filamu ya TPU tu. Katika maduka mengi ya Riyadh na Jeddah filamu hizo hukatwa papo hapo kwa mashine ndogo yenye kisu, iliyohifadhi vipimo vya mamia ya simu. Muuzaji huchagua modeli na kisu huchonga umbo. Huo ni msaada wa kweli kwa mwenye simu ya zamani au isiyo maarufu, ambayo protekta zake za kioo hazitengenezwi tena. Filamu ya aina hii pia hujirudi: mkwaruzo mwepesi uliowekwa asubuhi huweza kuwa umefifia jioni, kwa kuwa plastiki imerejea ilivyokuwa. Mchoro uliokata hauponi.

Jamii ya tatu ni ya jina zaidi kuliko ya kitu. Ni protekta zinazoitwa za seramiki au nano seramiki. Seramiki ni udongo uliochomwa: kigae, kikombe cha kauri, sahani. Kitu hicho hakikunjwi kwa vidole, ilhali protekta hizi hukunjwa, na mara nyingi muuzaji huzikunja mbele ya mteja kama sifa. Kinachokunjwa ni plastiki yenye tabaka gumu juu yake. Inaweza kuwa plastiki nzuri, isiyopasuka inapopigwa, na kwa mtu anayeangusha simu kila siku inaweza kumfaa kuliko kioo. Kosa liko katika kuiita kwa jina la kitu kingine.

Dai linaloonekana kuliko yote ni 9H. Limechapwa kwenye kasha za kioo, kwenye kasha za plastiki, kwenye bango la kibanda na kwenye video za Snapchat na TikTok. Wanunuzi wengi huichukua kuwa ni ngazi ya tisa katika kipimo cha Mohs, na wauzaji wengi nao huamini hivyo, jambo ambalo halina budi kusemwa kwa ajili ya haki yao. Kipimo cha Mohs kiliwekwa na mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812. Huyapanga madini kumi kwa kuangalia lipi linamkwaruza mwenzake: talki, laini kuliko yote, ni 1, jasi 2, kalsiti 3, kwatzi 7, korundi, jamii ya yakuti, 9, almasi 10. Kioo cha simu hukaa kati ya 5.5 na 6 na ushei. Kama protekta ya riyali 10 ingekuwa na ugumu wa 9 katika orodha hiyo, ingekuwa sawa na yakuti.

H ya kwenye kasha ni ya penseli. Wapaka rangi walihitaji njia rahisi ya kujua kama rangi iliyokauka juu ya chuma au mbao ni ngumu, wakatumia penseli za kuchorea. Risasi ya penseli ni mchanganyiko wa grafaiti na udongo mfinyanzi. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu. Penseli laini huandikwa B, ngumu huandikwa H, na katika kipimo cha kimataifa cha ISO 15184 ngumu kuliko zote ni 9H. Penseli huinamishwa kwa pembe ya nyuzi 45, huwekewa uzito wa gramu 750, husukumwa juu ya rangi, kisha mpimaji hutazama kama imeacha alama. Kwa rangi na kwa plastiki kipimo hicho kina maana, kwa sababu baadhi hupita na baadhi hushindwa. Kwa kioo hakina. Hakuna penseli inayokwaruza kioo. Hata kioo cha dirisha la jikoni, ambacho hakikuingizwa kwenye chumvi yoyote, hupata 9H. Kwa hiyo kasha la protekta ya kioo linasema kweli, lakini ukweli huo haumwambii mnunuzi chochote. Na protekta inayodai 10H imepita mwisho wa kipimo chenyewe.

Swali lenye manufaa ni lile kipimo cha Mohs kinaloliuliza: kitu gani katika mji huu ni kigumu kuliko kioo? Hapo ndipo Riyadh na Jeddah zinapotofautiana.

Riyadh iko katika uwanda wa Najd, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa mashariki umepita ukanda wa mchanga wa Dahna. Mchanga huo ni mwekundu kwa kutu ya chuma iliyofunika punje zake, lakini ndani ya kutu kuna kwatzi, ngazi ya 7. Majira ya kuchipua pepo huuinua na kuuleta mjini, ukapita chini ya milango, ukatua juu ya meza, ndani ya mifuko ya kanzu na katika mikunjo ya abaya. Simu inapotolewa mfukoni na kupanguswa kwa mkono wa nguo, punje chache za kwatzi huburutwa juu ya skrini kwa nguvu ya kidole. Hiyo ndiyo mikwaruzo myembamba kama nywele inayoonekana simu ikielekezwa kwenye jua. Haikuletwa na ufunguo wala sarafu.

Jeddah ni mji wa matumbawe. Nyumba za kale za Al-Balad, zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2014, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya Bahari ya Shamu, kama nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu. Matumbawe ni chokaa. Vumbi lake liko kati ya ngazi ya 3 na 4, na chumvi inayokauka kwenye skrini baada ya matembezi ya ufukweni iko kwenye 2.5. Vyote ni laini kuliko kioo. Vinaweza kuichubua plastiki ya PET, lakini kwa kioo ni uchafu tu wa kufutwa. Hata hivyo Jeddah haijasalimika. Milima ya Hijaz iliyo nyuma yake ina miamba yenye kwatzi, na mabonde yanayoshuka toka huko huleta mchanga mgumu hadi mjini.

Kwa mazingira hayo, protekta ya kioo hukwaruzwa kidogo na mchanga wa Riyadh, kama ambavyo skrini yenyewe ingekwaruzwa, na hiyo ni hoja nzuri ya kuibandika: inachakaa badala ya skrini. Protekta ya PET hukwaruzwa na mchanga, na pia na vitu laini kuliko mchanga, hivyo ukungu wa mikwaruzo huifunika mapema. TPU ina kisa chake. Filamu za polyurethane, jamii yake, zilibandikwa kwenye mapanga ya helikopta za jeshi la Marekani kuyakinga na mchanga, kwa sababu punje inayogonga kitu chenye mnyumbuko hudunda bila kukila. Baadhi ya kampuni zimeuza protekta kwa kisa hicho, nacho ni cha kweli. Lakini mchanga unaogonga panga la helikopta si sawa na mchanga unaosagwa chini ya kidole gumba. Punje iliyobanwa haina nafasi ya kudunda. Huzama ndani ya filamu na kuikata.

Baada ya hayo, majaribio ya dukani husomeka kwa jicho jingine. La kwanza ni la ufunguo. Muuzaji huchukua ufunguo, huusugua kwa nguvu juu ya protekta ya kioo, kisha hufuta, na hakuna alama. Shaba ya ufunguo iko karibu na ngazi ya 3. Haiwezi kukwaruza kioo chochote, na simu ya mteja iliyo uchi ingepita jaribio hilo vilevile. La pili ni la kisu. Chuma cha kisu kina ugumu wa 5.5 hivi, chini kidogo ya kioo cha simu, na pengine mstari wa kijivu unaobaki ni chuma kilichoachwa na kisu juu ya kioo. Jaribio la haki lingekuwa punje chache za mchanga wa Dahna na kidole gumba, na hilo halionekani katika video za matangazo.

La tatu ni la nyundo, na ndilo linalovutia watu kusimama. Protekta imelazwa juu ya meza au imebandikwa kwenye simu iliyolala, nyundo inashuka, kioo kinabaki kizima. Hapa kioo kimesaidiwa kwa njia tatu. Uso wa nyundo ni bapa, hivyo nguvu imetawanyika. Chini ya kioo kuna kitu kigumu kinachokizuia kisipinde. Na kioo kikibanwa hustahimili sana. Kinachokivunja ni kuvutwa, na kuvutwa hutokea kinapopinda au kinapochomwa na ncha kali. Simu inayoanguka barabarani haipati hata moja kati ya nafuu hizo. Huangukia pembe, juu ya kokoto yenye ncha au ukingo wa kigae cha granaiti, na fremu nzima hupinda kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo hukatika kwa nguvu ndogo sana ukilinganisha na uimara wa chembe zake. Sababu ni nyufa ndogo zisizoonekana, ambazo hukusanya mvuto wote kwenye ncha zake. Elimu hiyo inaunganisha mambo mawili ambayo matangazo huyatenga, mkwaruzo na mpasuko. Mkwaruzo uliowekwa na mchanga mwezi wa Machi ni mlango ambao ufa huingilia simu ikianguka mwezi wa Agosti. Protekta iliyozuia mkwaruzo huo imeisaidia skrini kuhimili anguko, hata kama siku ya kuanguka yenyewe haikufanya kazi kubwa.

Kuna ushuhuda mmoja unaorudiwa na wateja wenyewe, tena kwa moyo safi: simu ilianguka, protekta ikapasuka, skrini ikabaki salama, kwa hiyo protekta imeiokoa. Inawezekana kabisa. Jiwe lenye ncha lililogonga katikati ya skrini limekutana kwanza na protekta, na nguvu yake imeishia hapo. Lakini kupasuka kwa protekta hakuthibitishi kwamba skrini ingepasuka. Protekta ni nyembamba kuliko kioo cha simu, na kingo zake ziko wazi, hazikukumbatiwa na fremu. Mara nyingi huvunjika kwa mapigo ambayo skrini isingeyahisi. Tena simu ikitua kwa pembe, nguvu hupitia fremu na kuifikia skrini kwa pembeni, mahali ambapo protekta haipo. Kwa anguko la namna hiyo kava yenye kingo zilizoinuka kidogo kuliko skrini hufanya kazi kubwa zaidi, na dukani huenda ikapatikana kwa bei ya protekta moja ya kifahari. Plastiki kwa upande wake haipasuki, ila pigo kali huipita na kufika chini bila kupunguzwa sana, kwa kuwa ni nyembamba mno kufanya kazi ya godoro.

Madai mengine yanaweza kupitiwa kwa haraka. Namba zenye herufi D zilianza na 2.5D, maana yake ukingo wa kioo umeviringwa kidogo usikwaruze kidole. 9D na 21D zilizofuata hazipimi kitu. Dai la kukinga mionzi ya simu halisimami: kitu ambacho kingezuia mawimbi ya simu kingeizuia na kupata mtandao. Dai la kulinda macho dhidi ya mwanga wa buluu nalo ni dhaifu. Chuo cha Marekani cha Madaktari wa Macho hakipendekezi miwani maalumu ya kuuzuia mwanga huo kwa watumiaji wa kompyuta, kwa sababu haijaonekana kwamba mwanga wa skrini huharibu jicho. Anayetaka kupunguza mwanga wa buluu usiku anaweza kutumia mpangilio uliomo ndani ya simu bila malipo. Maneno ya kiwango cha kijeshi hurejelea MIL-STD-810 ya Marekani, ambayo ina jaribio la kuangusha kifaa mara 26 kutoka kimo cha mita 1.22 juu ya ubao. Ni jaribio la maana, lakini kampuni huruhusiwa kujipimia yenyewe na hakuna afisi ya jeshi inayotoa cheti.

Protekta ya faragha, inayotangazwa kuwa ni dhidi ya wapelelezi, inafanya inachosema. Ndani yake mna vijiti vidogo vilivyosimama kama vibao vya dirisha la luva, na mtu aliyeketi pembeni huona weusi. Katika basi lililojaa au sebuleni kwa mwajiri hilo lina thamani. Gharama yake ni mwanga: vibao hivyo humzibia pia mwenye simu sehemu ya mwanga, naye huongeza ung'avu ili aone chini ya jua la adhuhuri, na betri huisha mapema. Dereva anayevaa miwani ya jua ya kuchuja mng'ao atakutana na shida tofauti kwenye baadhi ya protekta za plastiki: rangi za upinde wa mvua hutanda juu ya ramani.

Hali ya hewa ina mchango wake ambao matangazo hayaugusi. Riyadh ni kavu, na filamu inapobanduliwa kwenye karatasi yake hujaa umeme tuli unaovuta vumbi la chumbani. Punje moja iliyonaswa chini huacha kiputo kisichoondoka. Ndiyo maana mafundi wazoefu hupangusa kwa kitambaa chenye spiriti, huokota vumbi kwa kibandiko, kisha hubandika upesi. Unyevu wa Jeddah hupunguza umeme huo. Gari lililoegeshwa juani ni baya katika miji yote miwili: plastiki hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko kioo kilicho chini yake, kingo huinuka, na mchanga hupata pa kuingilia.

Zipo pia simu ambazo mnunuzi hana uchaguzi. Skrini zilizopinda kingoni hazikubali kioo bapa, na huhitaji filamu ya TPU au kioo kinachogandishwa kwa gundi ya maji inayokaushwa kwa taa. Gundi hiyo ikizidi hupenya kwenye spika na vitufe. Simu zinazokunjwa huja na ganda la plastiki lililobandikwa kiwandani, nalo ni sehemu ya skrini. Aprili 2019 baadhi ya waandishi waliopewa Galaxy Fold ya Samsung kuijaribu walilibandua wakidhani ni karatasi ya kasha, skrini zikaharibika, na simu ikacheleweshwa hadi Septemba. Alama ya kidole nayo yataka uangalifu. Oktoba mwaka huohuo ilibainika kwamba Galaxy S10 iliyofunikwa kwa baadhi ya kava za silikoni ilifunguliwa na kidole cha mtu yeyote, kwa sababu sensa ilikariri umbo la silikoni badala ya kidole. Samsung ilitoa marekebisho ya programu, lakini funzo la kiufundi limebaki: baada ya kubandika protekta mpya, alama ya kidole isajiliwe upya.

Matangazo ya Saudi Arabia hayako nje ya sheria. Sheria dhidi ya udanganyifu wa kibiashara ya mwaka 2008 huadhibu anayempotosha mnunuzi kuhusu asili au sifa za bidhaa, na makosa yake makubwa hufikia kifungo cha miaka 3 na faini ya riyali milioni 1. Sheria ya biashara ya mtandaoni ya mwaka 2019 imekataza matangazo yenye maelezo ya uongo au ya kupotosha. Tangu Oktoba 2022 anayetangaza bidhaa za watu kwa malipo kwenye mitandao ya kijamii hutakiwa awe na leseni iitwayo Mawthooq, inayogharimu riyali 15,000 kwa miaka 3, na mkaazi asiye Msaudi haruhusiwi kufanya kazi hiyo bila kampuni yenye kibali, jambo linalowahusu moja kwa moja Wakenya, Waganda na Watanzania wanaouza vitu vidogovidogo kwa video za simu. Duka lenyewe nalo limebadilika: kwa amri iliyotangazwa Machi 2016, kazi zote za kuuza na kutengeneza simu na vifaa vyake ziliachiwa Wasaudi, nusu kufikia mwezi wa Juni na zote kufikia Septemba mwaka huo. Malalamiko ya mnunuzi hupokelewa na Wizara ya Biashara kwa namba 1900.

Sheria ya mtandaoni inampa mnunuzi siku 7 za kurudisha alichopokea, mradi hajakitumia. Kwa protekta sharti hilo ni zito kuliko kwa bidhaa nyingi, kwa sababu ikishabandikwa imetumika, na kuibandua ni kuiharibu. Uchunguzi wote hufanyika kasha likiwa limefungwa: jina kamili la modeli, unene, kama ni kioo au TPU, kama gundi imeenea uso mzima au iko kingoni tu, na kama dhamana inalipia protekta mpya pamoja na kuibandika au protekta peke yake. Dukani Mursalat au Falasteen ipo nafasi moja zaidi, ya kumwomba muuzaji aufanye ufunguo wake upite kwanza juu ya kioo kisichokuwa na protekta.